Kununua kompyuta kubwa zaidi sio jibu la kila kitu

Hapa Mbeya nasikia sana hii kauli, kompyuta ikishindwa kazi basi ni ya kizamani, tafuta yenye prosesa kali. Kwa baadhi ya kazi sio kweli jamani, na natamani madogo wanaojifunza programu waambiwe mapema kabisa.

Chukua kirikuu ya kusambaza mzigo wa jumla. Inatoka Mwanjelwa, ipite maduka ya Kabwe, Soweto, Sae, Uyole, Igawilo, Iyunga mpaka Mbalizi alafu irudi, na bosi anataka ruti fupi kuliko zote maana mafuta ni hela. Maduka 10 unaweza kuyapanga kwa namna 3,628,800, hiyo kompyuta inamaliza fasta. Weka 20 sasa, namna zinakuwa 2,432,902,008,176,640,000, yani mashine inayopima ruti bilioni 1 kila sekunde itachukua miaka kama 77 kuzipitia zote. Yakifika 25 tu ni miaka karibu milioni 490! Leta mashine yenye spidi mara elfu, bado ni zaidi ya miaka laki 4.

Ujanja upo, mwaka 2006 watafiti walithibitisha ruti fupi kabisa ya pointi 85,900 kwa hesabu zinazoondoa ruti mbovu kwa mafungu bila kuzipima moja moja, kazi nzito sana ile na naiheshimu. Ila njia ya haraka inayofaa kwa kila mpangilio hakuna aliyeipata, wala aliyethibitisha kwamba haipo. Dola milioni 1 ziliwekwa na Clay Mathematics Institute, taasisi ya hisabati ya Marekani, mwaka 2000 kwa atakayelimaliza swali hilo, mpaka leo zipo.

Alafu kuna yasiyowezekana kabisa. Mwaka 1936 Alan Turing, mwanahisabati Mwingereza, alionyesha huwezi kuwa na programu inayokagua programu yoyote ile na kusema kwa uhakika itafika mwisho au itazunguka milele. Tuseme ipo, tuiite mkaguzi. Naandika programu yangu inayomuuliza mkaguzi kuhusu yenyewe alafu inafanya kinyume, ikijibiwa utamaliza inazunguka, ikijibiwa utazunguka inamaliza, kwa hiyo mkaguzi lazima akosee, na hapo hata uongeze RAM kiasi gani haisaidii. Ndio maana app ikiganda simu inakuuliza usubiri au uifunge, yenyewe haina njia ya uhakika ya kujua kama ile kazi ingeisha, uamuzi inakuachia wewe.