Bibi alisema mwimbaji yumo mtungini

Bibi yangu starehe yake ni taarabu, hapa nyumbani Wete, baada ya Isha. Usiku mmoja akanambia: "Mume wangu, mbona huyu anaimba kama yumo mtungini?" Nikasogea karibu na spika. Ni zile ndogo za inchi 5, na kila besi ikipiga, ile karatasi ya spika inayotoa sauti inaruka mbele na nyuma, unaiona kwa macho. Sabufa ipo na inafanya kazi yake, lakini amplifaya ilikuwa ikizipelekea besi hiyo hiyo na spika ndogo. Karatasi moja haiwezi kurushwa vile na huku ikatoa sauti ya mtu ikiwa safi.

Dawa yake ni kapasita, kidude kidogo cha umeme, unaipachika kwenye waya mmoja unaokwenda kwenye spika. Sauti za juu zinapita, za chini zinabanwa, na kadiri zinavyozidi kwenda chini ndivyo zinavyobanwa zaidi.

Nilianza na ya maikrofaradi 47 (ndicho kipimo cha uwezo wa kapasita) kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo. Besi iliondoka kweli, ila na kifua cha mwimbaji kikaondoka nayo. Sauti ikawa nyembamba kama ya simu. Ndipo nikakaa na kalamu. Hesabu yenyewe ni fupi: zidisha omu za spika (ukinzani wake kwa umeme) kwa hezi (mitetemo ya sauti kwa sekunde) unazotaka kukatia, kisha gawa 159,155 kwa jibu ulilopata. Spika zangu ni za omu 8. Ile 47 ilikuwa inakata kwenye hezi 423, katikati ya sauti ya binadamu! Mimi nilitaka hezi 85, na hesabu ikanipa maikrofaradi 234.

Hapa ndipo pa kuangalia sana. Kapasita kubwa zinazopatikana madukani nyingi zina upande wa hasi, ule wenye mstari ubavuni. Umeme wa spika unageuka huku na huku, na kapasita ya namna hiyo ikiwekwa peke yake inaweza kupata moto na kuvimba. Kwa hiyo nilinunua nne za 470, volti 63. Kila spika nikaipa mbili, hasi kwa hasi nikaziunga kwa risasi, chanya zikabaki nje. Zikiungwa hivyo uwezo unakuwa nusu, yaani 235.

Haikati kama kisu. Kwenye hezi 42 bado inapita kama moja ya tano ya nguvu, na omu za spika hazitulii mahali pamoja, basi hesabu inakufikisha karibu tu, kilichobaki ni sikio. Kitufe cha sabufa nilikiweka kwenye 80, nikageuza nyaya zake mara moja kusikiliza upande upi besi inajaa, nikaziacha hapo.

Nikaweka wimbo ule ule. Karatasi zilitulia, na ganuni ikasikika uzi mmoja mmoja. Bibi alifumba macho, hakusema neno mpaka wimbo ulipokwisha, kisha akataka urudiwe.

Spika za jirani ni za omu 4. Kwake nitaweka za 1,000 mbili mbili.