Anga tupu ya kiangazi

Lubumbashi, Julai

Mwezi huu anga ya Lubumbashi haina wingu hata moja, ni weupe wa vumbi na moshi wa nyasi tu. Mpiga picha wa kawaida huiona kuwa hasara. Anayechapa picha kwa jua huiona kama nafasi ya kuingiza picha ya pili juu ya ile ya kwanza.

Mfano wa wazo hili uko hapahapa. Katika mfululizo wake wa Mémoire (2006), Sammy Baloji, mtoto wa mji huu, aliwatoa wafanyakazi kwenye picha za nyaraka za kikoloni akawasimamisha mbele ya mitambo iliyonyamaza ya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Yeye aliunganisha kwa kompyuta. Mwanafunzi anaweza kujaribu muungano huo kwa sianotipi, njia ya kuchapa picha za buluu kwa jua ambayo John Herschel aliibuni mwaka 1842: chumvi mbili za chuma, karatasi, jua na maji. Umeme ukikatika, kazi haisimami.

Ila jua huongeza buluu, haliipunguzi. Mtu akiwekwa juu ya ukuta ambao tayari ni buluu nzito, atazama humo na hataonekana tena. Picha ya kwanza lazima iwe na weupe mpana: bomba la kiwanda na mlima mweusi wa mabaki ya madini chini, anga juu. Mtu wa albamu ya zamani anaingia angani. Shati lake jeupe ndilo linalosumbua, kwa sababu weupe juu ya weupe hauna mpaka. Kola inayeyuka, kichwa kinaelea. Dawa ni kumwachia kivuli kidogo cha ukuta uliokuwa nyuma yake. Wengine huacha kichwa kielee, na mara nyingine wao ndio wenye jicho.

Dawa ya kupaka: gramu 25 za sitrati ya chuma na amonia ndani ya mililita 100 za maji, na gramu 10 za ferisianidi ya potasiamu ndani ya mililita 100 nyingine. Kila moja ikae kwenye chupa yake ya kahawia. Chupa tupu ya bia inafaa kabisa, na kwa sababu hiyohiyo ni hatari: bandika jina kubwa, weka mbali na watoto. Sitrati huota ukungu. Chuja kwa kitambaa kabla ya kutumia. Ferisianidi isikutane kamwe na asidi kali wala kuchemshwa, maana hutoa gesi ya sumu.

Changanya sawa kwa sawa wakati wa kupaka tu. Mililita 3 zinatosha karatasi ya A4. Brashi yenye pete ya chuma huacha madoa ya buluu, basi ifunge kwa utepe. Karatasi ya fotokopi haifai: huchanika majini, na nyingi zina chokaa inayokula buluu. Tafuta karatasi nene ya rangi za maji, au kitambaa cha amerikani kilichochemshwa hadi wanga utoke. Kausha gizani. Iliyokauka vizuri ni ya manjano-kijani. Ikiwa tayari ina ubuluu, imekufa, usiipotezee jua.

Negativu (picha ambayo weusi na weupe wake umegeuzwa) za fotokopi kwenye plastiki huwa na weusi mwepesi, na anga inapata utando wa buluu. Pachika nakala mbili juu ya moja. Plastiki ikikosekana, chapa kwenye karatasi nyembamba kisha ipake mafuta ya kupikia, uifute vizuri. Muda wa jua utaongezeka mara kadhaa. Upande wenye wino ndio uguse karatasi, kwa hiyo picha igeuzwe kushoto-kulia kabla ya kuchapwa.

Juu weka kioo cha dirisha cha kawaida. Kioo cha mbele cha gari ni mtego: kina utando wa plastiki unaozuia mionzi ileile tunayoihitaji. Usikisie muda. Chukua kipande kimoja, kifunike hatua kwa hatua, dakika 2, 4, 8, 16. Sehemu zilizo wazi hupita kutoka manjano hadi buluu, halafu zinakuwa kijivu kama risasi. Hapo ndipo pa kusimama, ingawa picha inaonekana imeungua. Maji yataondoa sehemu yake.

Sasa picha ya pili. Usioshe, maana karatasi iliyooshwa haisikii jua tena. Toa negativu ya kwanza kivulini, weka ya mtu, funika kiwanda kwa kartoni nyeusi. Kartoni ikiwa chini ya kioo, mpaka unakatika kama kwa wembe. Ikiwa juu ya kioo, ukingo unalainika. Anayetaka udhibiti zaidi aoshe, akaushe, apake upya. Lakini karatasi ikilowa kisha ikakauka husinyaa, na milimita moja inatosha kumtoa mtu miguuni pake. Ilowekwe kwanza maji ya moto na kukaushwa kabla ya mpako wowote.

Osha dakika 10 hadi manjano yote yaishe. Maji yenye chokaa hufifisha buluu. Kijiko cha siki kwa lita ya kwanza kinasaidia. Maji ya oksijeni ya duka la dawa, asilimia 3, kiasi kidogo tu kwenye beseni, huleta buluu nzito papo hapo. Bila hayo itakuja yenyewe, kesho yake.

Na kile kitambaa cha amerikani kilichochapwa picha kisifuliwe kwa sabuni ya unga. Magadi yaliyomo humo hugeuza buluu kuwa manjano hafifu kwa dakika chache. Ikitokea, kilowekwe kwenye chai kali isiyo na maziwa, nusu saa. Kitatoka cheusi-kahawia, rangi ya picha ya babu.