Kumbukumbu ya mradi: bustani ya wanyama kwa mwendo wa babu, bibi na mjukuu

Lengo: matembezi ya nusu siku ambayo mtoto wa miaka 2 hadi 4 na wazee wake wanayamaliza wote wakiwa bado na nguvu ya kuagana vizuri. Mahali ni bustani ya wanyama, au bustani yoyote yenye uwanja wa michezo ya watoto. Hapa yanawekwa mabadiliko ya mpango, toleo kwa toleo, na sababu za kila badiliko.

Toleo la 1: kuona wanyama wote

Mpango ulianzia kwenye ramani: ingia getini, shika kulia, pita kila kizimba, tokea upande wa pili. Haukufika nusu. Mtoto wa miaka 2 hatembei kama anayekwenda mahali. Hatua kumi, sisimizi. Hatua tano, jani. Kisha kifuniko cha mtaro, ambacho lazima kikanyagwe mara nane. Bibi hana neno na hilo, maana anapata pumzi. Anayeteseka ni mzazi aliyeshika ramani, anahesabu vizimba vilivyobaki na kusema "twendeni, twendeni" mpaka watoto na wazee wote wamchoke.

Kosa la pili lilikuwa kumweka simba kama kilele cha safari. Simba hupumzika saa 16 hadi 20 kwa siku, kwa hiyo ukimkuta amelala ujue ndiyo kawaida yake. Tembo hulala kidogo sana na hula sehemu kubwa ya siku, hivyo karibu kila saa utakuta mkonga unasokota nyasi na kuzipeleka mdomoni. Twiga naye anatoa ulimi wa karibu sentimita 45, mweusi wenye zambarau, na mtoto atauzungumzia wiki nzima. Kwa umri huu, mnyama anayekula anamshinda mnyama mkali. Nyani, kobe na heroe waliingia kwenye orodha kwa sababu hiyo hiyo, chui akatoka.

Toleo la 2: mabenchi na vyoo kwanza

Ramani ikachorwa upya. Alama za kwanza zikawa vyoo, maji, vivuli na mabenchi. Wanyama wakafuata, tena wale tu walio karibu na alama hizo. Wakabaki vituo vinne au vitano. Umbali kati ya kikao na kikao uliwekwa usizidi mita 200.

Benchi nalo lina sifa zake. Linalofaa lina mgongo na mahali pa kuegesha mikono, kwa sababu mwenye magoti mabovu huinuka kwa kujisukuma na mikono. Benchi la chini lisilo na pa kushika humkaribisha mzee vizuri sana, kisha kumwinua inakuwa kazi ya watu wawili.

Miteremko: magoti huuma zaidi wakati wa kushuka kuliko kupanda. Ikiwa bustani iko kwenye mlima, chagua mzunguko unaopanda sehemu kali mwanzoni, wazee wakiwa wapya, na kushuka kwa njia ndefu yenye mteremko mdogo. Ngazi zinakwepwa hata pale kigari cha mtoto kinapobebeka. Mzee mwenye miwani ya lenzi mbili akitazama chini huiona ngazi kupitia sehemu ya kusomea, na ukingo wa ngazi unakuwa ukungu. Ikibidi kushuka, ashike chuma kwa mkono mmoja na asimshike mjukuu kwa mwingine. Mtoto akichomoka ghafla, wanaanguka wote.

Vyoo: baadhi ya dawa za presha huongeza mkojo, na mtoto anayeacha nepi hutoa taarifa dakika moja kabla. Mahitaji ya wawili hawa yanafanana mno, ndiyo maana choo kisiwe mbali zaidi ya mwendo wa dakika tano kutoka kituo chochote. Sheria ndogo iliyosaidia kuliko nyingine: kila choo kinachopitwa, kinaingiwa.

Kipimo cha kuchuchumaa

Mtoto wa miaka 2 ana urefu wa karibu sentimita 85, na macho yake yako chini zaidi ya hapo. Ukuta wa mita moja kwake ni ukuta tu. Anaona saruji na miguu ya watu. Kwa hiyo kila kituo kilichopendekezwa kinapimwa kwa kuchuchumaa na kutazama. Kama hakuna kinachoonekana, kituo kinafutwa hata kama mnyama ni nadra.

Njia rahisi ni kumbeba, lakini mtoto huyo ana kilo kama 12, na babu atambeba kwa kujipinda kiuno. Na kumkalisha juu ya kizuizi "kidogo tu, nimemshika" ni marufuku, hata kwa picha.

Vizimba vyenye handaki vina tatizo la aina yake. Carl Hagenbeck, mfanyabiashara wa wanyama wa Kijerumani, alipofungua bustani yake ya Stellingen, Hamburg, Ujerumani, mwaka 1907, aliondoa vyuma na kuwatenga wanyama kwa mahandaki, na mtindo huo ukasambaa. Mandhari ikawa nzuri, lakini mnyama akawa mbali. Babu ananyoosha kidole, "yule pale", na mtoto anakitazama kidole. Kinachofanya kazi ni kumwongoza kwa hatua: mti mkubwa, halafu jiwe chini ya mti, halafu mkia unaocheza juu ya jiwe. Bado, penye kioo kinachofika chini pachaguliwe kwanza. Ila kwenye kioo cha paka wakubwa, kama simba na chui, mtoto asikimbie-kimbie: kitu kidogo kinachokimbia kimegeuza mgongo huamsha tabia ya kuwinda, na mnyama anaweza kurukia kioo. Kioo kitahimili, mtoto hatalala usiku.

Uwanja wa michezo: mazoea yaliyoondolewa

Sehemu hii ilileta ubishi kuliko zote, kwa kuwa yanayoondolewa ni yale wazee waliyofanya kwa watoto wao wenyewe kwa upendo.

La kwanza ni "moja, mbili, tatu, juu!", babu kashika mkono huu, bibi ule, mtoto anabembea katikati. Kwa watoto wa mwaka 1 hadi 4, kuvutwa mkono ulionyooka kunaweza kuchomoa kidogo kichwa cha mfupa wa kigasha kutoka kwenye kano inayokizunguka pale kiwikoni. Dalili ni hizi: mtoto ghafla hautumii mkono, anauning'iniza au kuubana mwilini ukiwa umekunjwa kidogo, na mara nyingi hakuna uvimbe. Hapo usiuvute wala kuunyoosha. Mpeleke kwa daktari, ambaye kwa kawaida huurudisha kwa muda mfupi tu. Badala ya mchezo huo, mtoto anainuliwa kwa kushikwa makwapani.

La pili ni kuteleza naye mapajani. Inaonekana salama, kumbe ndiyo inayovunja. Soli ya mpira ya mtoto inanasa kwenye ukingo wa mtelezo, mguu unabaki, na uzito wa watu wawili unaendelea kushuka. Mfupa wa muundi hauhimili. Mtoto akiwa peke yake, uzito wake ni mdogo na mara nyingi husimama tu. Kwa hiyo ateleze mwenyewe kwenye mtelezo wa kimo chake, bibi akisimama pembeni. Kama mtelezo ni mrefu kwake, basi si wake mwaka huu.

Kabla ya hapo mtelezo unaguswa kwa mgongo wa kiganja. Chuma kilichopigwa na jua huunguza ngozi ya mtoto haraka, na plastiki pia. Kamba za kofia ya sweta zinatolewa nyumbani, kwa sababu hunasa juu ya mtelezo na kumkaba. Bembea ni ile yenye kiti cha kumzunguka mtoto, na mwenye kusukuma anasimama mbele, si nyuma: anamwona usoni, na akichoka au akiogopa inajulikana mara moja.

Mbuzi

Sehemu ya kushika wanyama ilihamishwa ikawa mwisho kabisa kabla ya kula. Sababu ni sabuni. Wanyama walio wazima kabisa hubeba vijidudu kama E. coli, na wanaougua vibaya zaidi ni watoto chini ya miaka 5 na wazee, yaani hasa wawili tunaowapeleka. Mikono inaoshwa kwa maji yanayotiririka na sabuni, sekunde 20, ya mtoto ikioshwa na mtu mzima. Kitakasa mikono ni cha dharura tu, maana hakiui vijidudu vyote na hakifanyi kazi vizuri penye uchafu. Chupa, chuchu ya kunyonya na kigari vinabaki nje ya uzio. Ukiweka mbuzi katikati ya safari, itabidi kuosha mara mbili, na ya pili itasahaulika.

Begi

Linabebwa mgongoni na mtu mzima mwenye nguvu. Halitundikwi kwenye mkono wa kigari: mtoto akishuka, kigari kinaanguka kinyumenyume pamoja na chupa. Ndani: maji ya kila mtu, nepi moja kwa kila saa mbili na mbili za ziada, nguo kamili ya kubadili, dawa za wazee zenye saa zake zimeandikwa, kofia, na mafuta ya kuzuia jua ya SPF 30 au zaidi, yanayopakwa upya kila baada ya saa mbili. Zabibu zikibebwa zikatwe kwa urefu vipande vinne. Ikiwa nzima, ina umbo la kuziba koo sawasawa.

Kigari hakifunikwi kwa blanketi hata likiwa jepesi. Hewa haizunguki na joto linapanda upesi ndani.

Nani anaye?

Watu wazima wanne, mtoto mmoja, na kila mmoja anadhani mwenzake anamtazama. Makabidhiano sasa yanasemwa kwa mdomo: "Mama, nakuachia." "Haya, ninaye." Bila jibu hilo, aliyekuwa naye bado anaye. Asubuhi getini inapigwa picha ya mtoto mzima, viatu vikionekana, na namba ya simu inaandikwa ndani ya shati. Akipotea, mmoja anakimbilia palipo na maji, mwingine getini, bibi anabaki palepale mtoto alipowaacha.

Toleo la 3, linalotumika sasa

Kufika mara geti linapofunguliwa. Vituo viwili, kikao, kituo cha tatu, uwanja wa michezo dakika 40, mbuzi, sabuni, chakula kivulini, nyumbani. Jumla ni saa tatu na nusu. Jua kali la saa nne hadi saa kumi halikwepeki lote, kwa hiyo vituo vya wazi vinatangulia na vyenye paa vinafuata.

Bado halijajaribiwa: kugawana kwa dakika 40 za uwanja, babu abaki kwa kobe na kiti chake, bibi aende na mtoto. Hofu ni kwamba mtoto atataka kobe na babu pia.