Siku moja kwenye meza ya tansio, Kadutu, Bukavu

Saa moja asubuhi foleni imeshafika kwenye ngazi. Wengi ni kina mama wabeba mizigo, wale wanaopandisha magunia ya makala (makaa) na mihogo mpaka sokoni kwa kamba iliyopita kwenye kipaji cha uso. Kufagia, kufungua rejista, kubadilisha betri za mashine, tunaanza.

Saa mbili. Kupima tansio, yaani shinikizo la damu, kunaonekana kazi ya mtoto, ndiyo maana wengi wanapima vibaya. Aliyetoka kupanda mlima wa Kadutu hapimwi palepale. Anakaa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini bila kupishana, mkono umelala mezani usawa wa moyo. Bukavu ni baridi, kila mtu ana sweta, na mkono wa sweta ukikunjwa unabana; avue. Mkanda mdogo wa mashine kwenye mkono mnene unadanganya, unatoa namba ya juu. Mkojo ukimbana, aende choo kwanza. Hakuna kuongea. Napima mara mbili, katikati naacha dakika moja. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi, na siku nyingine ikarudi hivyo hivyo, ndipo tunataja ugonjwa.

Saa nne ndipo yanapoanza mazungumzo yanayokula asubuhi nzima. Mama ana 170 kwa 100. Alishaandikiwa amlodipini, dawa ya tansio, ya miligramu 5, moja kila siku, lakini ananunua tembe tatu tatu kwenye farmasi ya barabarani, na anameza siku kichwa kikimuuma tu.

“Muganga, leo kichwa hakiumi, ninywe dawa ya nini?”

Namweleza kwamba tansio mara nyingi haiumi, inaharibu figo, moyo na ubongo kimya kimya. Anaitikia, halafu anauliza swali lile lile. Namwomba afungue mfuko wake. Humo kuna diklofenaki, dawa ya maumivu, anayoimeza kila jioni kwa ajili ya mgongo. Hapo ndipo penye shida: dawa hiyo inafanya figo zishike chumvi na maji, tansio inaweza kupanda hata kama amlodipini ingemezwa vizuri. Namwandikia parasetamoli, tembe mbili za miligramu 500, zisizidi mara tatu kwa siku. Kumwambia aache mzigo siwezi, watoto wanakula kwa mzigo huo. Na mashauri ya karatasini yanamtaka afanye mazoezi! Mazoezi gani tena?

Tunaingia jikoni. Shirika la Afya Duniani linataka chumvi ipungue chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kisichojaa, na yote ihesabiwe. Kwake inatoka kwenye makayabu (samaki wa chumvi) na kube (vidonge vya kuungia mchuzi), si kwenye kopo la chumvi peke yake. Makayabu yalazwe majini usiku kucha, maji yabadilishwe mara mbili tatu, na sufuria isiongezwe chumvi. Sombe (majani ya mihogo) ipate kube moja au isipate kabisa; kitunguu, pilipili na ndimu vinaisaidia. Bugali haihitaji chumvi. Bwana wake anakunywa kanyanga, pombe kali ya kienyeji, hilo pia linapandisha tansio, lakini yeye hajaja, na ujumbe wa kutumwa haufiki.

Mchana saa siangalii tena. Wanamleta mzee ana 200 kwa 120, mdomo umepinda, mkono mmoja hauinuki. Njiani wamempasulia tembe ya nifedipini, dawa ya kushusha tansio, chini ya ulimi; hilo ni kosa. Tansio ikianguka ghafla ubongo unakosa damu, na ulimi uliolegea unaweza kumkaba. Hapewi kitu mdomoni, hata maji. Analazwa ubavu, tunaandika saa dalili zilipoanza, gari linatafutwa aende hospitali. Pikipiki haifai, atadondoka.

Foleni bado ipo. Miguu inawaka, na mtu wa mwisho anataka “kupimwa haraka tu.” Namkalisha.

Jioni natafuta kwenye rejista waliotakiwa kurudi kuchukua dawa wasirudi. Nawapigia. Ambaye simu yake imezimwa, jina lake linaenda kwa reko (mhudumu wa afya wa jamii) wa mtaa wake, ampandie kesho kabla hajatoka kwenda kubeba.