Breki ya nyuma ilizama, nikaiokoa kwa oili sahihi

Nilikuwa nateremka kwa baiskeli kutoka Lushoto kwenda Mombo, mkono wa breki ya nyuma ukawa unazama mpaka unagusa usukani. Nikiupampu mara tatu unakaza, nikiuachia unalegea tena. Huo ni upepo ndani ya mfumo wa oili ya breki.

Fundi wa pikipiki alikwisha fungua kopo la DOT 4, oili ya breki za pikipiki na magari. Nikamzuia. Breki zangu ni za kampuni ya Shimano, zinatumia oili ya minerali tu. DOT huvimbisha sili za mpira, na hapo unanunua breki nzima upya. Breki nyingi za SRAM, kampuni nyingine, ndizo zinazotaka DOT. Soma maandishi kwenye kifuniko cha tangi dogo la mkononi kabla hujamwaga chochote, tafadhali!

Nilitoa gurudumu na pedi, kwa sababu tone moja la oili likizigusa zimekwisha. Katikati ya pistoni zinazosukuma pedi nikapachika kibao cha plastiki. Mkono nikaulaza sawasawa, juu yake nikafunga faneli. Chini kwenye kalipa, yaani kibanio chenye hizo pistoni, spana namba 7 na bomba la sindano lenye oili mpya, nyekundu kama sharubati ya rosela. Nikasukuma polepole. Juu ikatokea oili ya kijivu, kisha viputo, vidogo kama mbegu za mchicha. Nikagongagonga mpira unaopitisha oili ya breki kwa mpini wa bisibisi, na vingine vikapanda.

Viputo vilipokoma nikakaza nati, nikafuta kila mahali kwa spiriti. Mkono sasa unakaza nusu ya njia.