Alasiri ya Tetemeko Kibirizi

Alasiri ya Jumatatu, tarehe 5 Desemba 2005, nilikuwa kwenye mwalo wa Kibirizi, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, nikimsaidia mama mdogo kugeuza dagaa waliokuwa wameanikwa mchangani tangu asubuhi. Ilikuwa yapata saa tisa na dakika ishirini. Kando yangu palikuwa na karai la maji ya kunawia mikono, na kabla sijahisi lolote miguuni niliyaona maji yale yakilalia upande mmoja, yakavuka ukingo na kumwagika, kisha yakarudi upande wa pili. Ndipo ardhi ilipoanza kuyumba, na karabai zilizokuwa zimening'inizwa kwenye banda la jirani zikaanza kugongana.

Tetemeko lilipotulia, mtu mmoja alipiga kelele: "Sunami!" Neno hilo lilikuwa bado bichi masikioni mwetu. Mwaka ulikuwa haujatimia tangu tetemeko la Sumatra la tarehe 26 Desemba 2004, lililozusha mawimbi yaliyoua watu wapatao 230,000 katika nchi zinazopakana na Bahari ya Hindi, wakiwemo watu wasiopungua 10 wa hapa kwetu Tanzania. Watu walianza kukimbilia kwenye mwinuko ulio nyuma ya mwalo, wengine wakiwa wamebeba watoto, na mwanamke mmoja akiwa amekumbatia mizani yake.

Mimi sikukimbia. Nilikuwa kidato cha pili, na Januari ya mwaka ule mwalimu wetu wa jiografia alikuwa ametuchorea sunami ubaoni, akatueleza kwamba maji ya ufukweni yakirudi nyuma ghafla hadi samaki wakabaki wanarukaruka kwenye tope, mtu asingoje kuokota hata mmoja. Basi nikasimama kwa kiburi cha aliyesoma, macho yamekodolea ziwa, nikisubiri lirudi nyuma. Nilijiambia kwamba lisiporudi, wale wote wanakimbia bure.

Mama mdogo, ambaye hakufika hata darasa la tano, alikuwa ameshapanda hatua kadhaa alipogeuka na kuniona. Alishuka, akanikamata mkono juu ya kiwiko, na hakuuachia mpaka tulipofika juu.

Ilinichukua miaka kuelewa kosa langu. Sunami haiumbwi na upepo kama mawimbi tunayoyazoea, ambayo husukuma maji ya juu tu. Sakafu ya bahari inapokatika kwenye ufa, upande mmoja ukapanda au kushuka kwa ghafla, maji yote yaliyo juu yake, kuanzia chini hadi usoni, husukumwa kwa pamoja. Pale Sumatra ufa ulifunguka kwa urefu wa zaidi ya kilomita 1,000. Kwenye kilindi wimbi lake halifiki hata mita moja kwa kimo, na mvuvi aliye mbali na pwani anaweza kupitiwa nalo asijue, ingawa linakwenda kasi ya ndege, kilomita 700 hivi kwa saa penye kina cha mita 4,000. Linapokaribia nchi kavu, kina hupungua, mbele hupunguza mwendo ilhali nyuma bado kunasukuma, na maji hayana pa kwenda isipokuwa juu.

Kurudi nyuma kwa maji hutokea pale ambapo bonde la wimbi hutangulia kufika kabla ya mgongo wake. Mgongo ukitangulia, maji huja tu, bila dalili hiyo niliyokuwa nikiisubiri. Kwa mtu aliye karibu na chanzo, onyo ni lile tetemeko lenyewe. (Waliokuwa Dar es Salaam mwaka 2004 hawakuwa na bahati hiyo, kwa kuwa ardhi yao haikutikisika kwa namna ya kuwashtua, na wimbi liliwafikia saa nyingi baadaye wakiwa wanaogelea.) Tena wimbi la kwanza mara nyingi silo kubwa kuliko yote, na wengi hufa kwa kurudi mapema kutazama mali zao.

Na ziwa letu si dimbwi. Limelala ndani ya Bonde la Ufa, lina kina cha mita 1,470 mahali penye kilindi zaidi, na kitovu cha tetemeko la siku ile, lenye ukubwa wa 6.8, kilikuwa humo humo, kusini mwetu, karibu na Kalemie upande wa Kongo, ambako nyumba zilianguka na watu kadhaa wakafa. Nguvu yake haikuwa hata sehemu moja kwa elfu mbili ya ile ya Sumatra. Lakini pale ufukweni nani angejua?

Wimbi halikuja. Tulikaa juu mpaka jua lilipokaribia milima ya Kongo, kisha tukateremka na kukuta dagaa wamekanyagwa wakazama mchangani, na kunguru wameshajihudumia. Tuliinama kuwachambua, na kwa muda mrefu mama mdogo hakusema kitu.

"Hivi, mwanangu," aliniuliza hatimaye bila kuinua kichwa, "yale maji ulikuwa unayangoja yafanye nini?"

Nilimjibu kwamba nilikuwa nangoja yarudi nyuma.

"Halafu?"