Kipi cha kufumua, kipi cha kuacha

Anayeshona blanketi la viraka mara nyingi hukwama kwenye pembe zisizokutana. Pembe zikipishana milimita 2, ziache. Simama hatua tatu nyuma, hutaziona. Fumua pale tu mshono ulipobaki na ukingo usiofika milimita 4, kwa sababu kitambaa kitachanika uzi kwa uzi kikifuliwa na tundu litafunguka. Kata uzi kwenye kila pigo la nne la sindano upande mmoja, kisha vuta uzi wa upande wa pili. Ukivuta kitambaa kwa nguvu, kitarefuka na hakitalingana tena.

Tatizo lenyewe huanza mapema. Nafasi ya mshono, yaani kitambaa kati ya mshono na ukingo, ni robo inchi (kama milimita 6). Ikizidi milimita 1 tu, safu ya viraka 10 yenye mishono 9 hupungua milimita 18, kwa kuwa kila mshono hula viraka viwili. Basi jaribu kwanza viraka vitatu, upime.

Kanga na kitenge zifuliwe kabla ya kukatwa, maana husinyaa tofauti.

Wanawake wa kijiji cha Gee's Bend, Alabama, Marekani, walishona mistari iliyopinda waziwazi, na mwaka 2002 mablanketi yao yalitundikwa katika jumba la makumbusho la Whitney, New York. Yanapendeza mno!